Akili bandia: tuhesabu funguo kabla ya kuhesabu faida

MSOMAJI wa ukurasa huu amezoea kukuta hapa bei za mchele, maharage, dola na hisa. Wiki hii namwomba aniwie radhi, tupime bidhaa nyingine ambayo haijai kwenye gunia wala haikai kwenye mizani. Bidhaa hiyo ni akili bandia, ambayo baadhi ya wataalamu wetu wa lugha wanaiita akili mnemba. Ni zile programu za kompyuta zinazosoma, kuandika, kuzungumza na hata kuamua mambo ambayo hadi juzi yalikuwa kazi ya karani, keshia na afisa mikopo.

Programu ya ChatGPT ilifunguliwa kwa umma Novemba 30, 2022. Tangu hapo makampuni yamekuwa yakikimbizana kama abiria wanaogombea basi la mwisho. Benki zinataka kompyuta ijibu wateja, makampuni ya bima yanataka ikague madai, na wenye viwanda wanataka iandike barua na mahesabu. Hakuna anayetaka kuonekana amebaki kituoni.

Binafsi sina ugomvi na bidhaa hii. Naitumia, na imenipunguzia kazi. Ugomvi wangu ni namna inavyopokelewa. Ukizifuatilia hasara zilizokwishatokea duniani, utagundua kwamba nyingi hazikuletwa na mashine kuwa na akili kupita kiasi. Zimeletwa na watu walioikabidhi funguo, au walioacha funguo mlangoni, bila kuuliza maswali ambayo mwenye duka yeyote humuuliza karani mpya. Na anayelipa hasara hiyo mwishoni ni mwenye hisa na mwenye akiba.

Milioni 25 kwa mkutano mmoja

Tuanze na kisa kilichotikisa idara za fedha dunia nzima. Mapema mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kwamba mfanyakazi wa fedha wa kampuni moja ya kimataifa alikuwa ametapeliwa dola za Hong Kong milioni 200, ambazo ni kama dola za Marekani milioni 25. Mwezi Mei mwaka huo ilifahamika kwamba kampuni hiyo ni Arup, kampuni ya wahandisi ya Uingereza ambayo wahandisi wake walishiriki kujenga jumba maarufu la opera la Sydney.

Mfanyakazi yule hakuwa mjinga. Alipopata ujumbe uliodai kutoka kwa mkurugenzi wa fedha aliyeko Uingereza, ukimtaka ashughulikie malipo ya siri, alitilia shaka. Ndipo akaalikwa kwenye mkutano wa video. Akaingia, akamwona mkurugenzi wake, akawaona na wafanyakazi wengine, kwa sura zao na sauti zao. Shaka ikamtoka. Akahamisha fedha kwa mafungu 15 kwenda kwenye akaunti tano za benki. Alipokuja kuulizia makao makuu ndipo akagundua kwamba katika mkutano ule mtu wa kweli alikuwa yeye peke yake. Wengine wote walikuwa picha na sauti zilizotengenezwa na kompyuta.

Kampuni ilieleza baadaye kwamba mitambo yake haikuvunjwa. Hapo ndipo penye somo kwa mfanyabiashara. Wezi hawakuhitaji kugusa kompyuta hata moja ya kampuni. Kasiki ilifunguliwa na mtu aliyepewa ruhusa ya kuifungua.

Msomaji wa huku kwetu anaujua utapeli huu kwa sura ya kienyeji. Ni nani mwenye simu ambaye hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Tapeli wa ujumbe ule anarusha nyavu gizani. Hakujui, wala hajui kama kweli kuna mtu unayetaka kumtumia fedha. Anatumia watu maelfu akitumaini kwamba mmoja wao yuko njiani kwenda kwa wakala. Huyu mpya wa Hong Kong anakujia amevaa sura ya bosi wako, anakutaja jina, na anazungumzia kazi unayoifanya.

Wanaofuatilia mambo haya wanakumbuka kwamba mwaka 2019 iliripotiwa kuwa mkuu wa kampuni moja ya nishati nchini Uingereza alipigiwa simu na sauti iliyofanana kabisa na ya bosi wake wa Ujerumani, akatuma euro 220,000. Miaka mitano baadaye, sauti moja ya simu imekuwa mkutano mzima wenye sura na sauti. Kwa lugha ya sokoni, gharama ya kutengeneza uongo imeshuka. Na kila mfanyabiashara anajua kwamba bidhaa ikishuka bei, walioshindwa kuinunua jana wataipanga foleni kesho. Tusidhani kwamba matapeli wa aina hii watabaki kuwinda makampuni makubwa ya Ulaya na Asia tu.

Somo la darasa la ukaguzi

Tulipokuwa chuoni tukisoma biashara, mhadhiri wetu wa ukaguzi wa hesabu alikuwa na jambo moja analolirudia hadi tukalichoka. Anayeandika hundi asiwe ndiye anayeisaini. Anayesaini asiwe ndiye anayelinganisha leja na taarifa ya benki. Anayepokea mali ghalani asiwe ndiye aliyeiagiza. Tulidhani ni urasimu wa wazee. Leo naona kwamba ndiyo kinga yenyewe.

Chukua kisa cha Hong Kong ukipime kwa kanuni hiyo. Mtu mmoja aliweza kutoa mafungu 15 ya fedha kwa neno aliloambiwa mkutanoni. Lau ingekuwepo kanuni kwamba malipo makubwa yahitaji mtu wa pili, aliye ofisi nyingine, ambaye anampigia aliyeagiza kwa namba iliyoko kwenye daftari la kampuni na si namba iliyoletwa na ujumbe, tapeli angekwama kwenye fungu la kwanza, hata kama video yake ingekuwa safi namna gani. Kinga hiyo gharama yake ni simu moja na dakika tano.

Karani mpya mwenye funguo zote

Hiyo ni hatari inayotoka nje. Iko nyingine ambayo makampuni yanaileta ndani yenyewe, tena kwa kulipia.

Kompyuta ya zamani ilifanya kile ilichoagizwa na basi. Hii mpya inapewa kazi za kutekeleza: isome barua pepe, ifungue faili za wateja, itume majibu, irekebishe kumbukumbu. Ili ifanye hivyo lazima ipewe funguo. Swali ni ngapi, za vyumba gani, na nani anaziangalia.

Katikati ya mwaka 2025 watafiti wawili wa usalama wa mitandao waliuchunguza mtambo wa kuajiri unaotumiwa na migahawa ya McDonald's, ambao una msaidizi wa kompyuta anayezungumza na waombaji kazi. Mtambo huo umetengenezwa na kampuni ya Paradox.ai. Watafiti walikuta mlango wa wafanyakazi wa kampuni hiyo, wakajaribu neno la siri 123456, na mlango ukafunguka. Kutoka hapo waligundua njia ya kufikia kumbukumbu za waombaji kazi zipatazo milioni 64. Ilikuwa akaunti ya zamani ya majaribio iliyosahauliwa. Bahati nzuri waliofika kwanza walikuwa watafiti, wakatoa taarifa, na mlango ukafungwa upesi. Lakini hebu tafakari: msaidizi wa kisasa kabisa, na kufuli ambalo hata mtoto angelifungua.

Mwezi Agosti 2025 waliofika kwanza hawakuwa watafiti. Wadukuzi waliiba funguo za kompyuta za Drift, programu ya mazungumzo na wateja inayotumia akili bandia, mali ya kampuni ya Salesloft. Programu hiyo ilikuwa imeunganishwa na hifadhi za kumbukumbu za wateja za makampuni mengi. Aliyeshika funguo za Drift akawa ameshika funguo za wote hao. Google ilikadiria kwamba mashirika zaidi ya 700 huenda yaliguswa. Miongoni mwa waliokiri kuguswa ni Cloudflare, Zscaler na Palo Alto Networks, makampuni ambayo biashara yao yenyewe ni kuuza ulinzi wa mitandao. Ikiwa walinzi wameibiwa kwa njia hiyo, sembuse sisi wenye maduka.

Kisa cha tatu hakina mwizi kabisa. Mwezi Julai 2025 mwekezaji wa Marekani, Jason Lemkin, alikuwa akitumia msaidizi wa kampuni ya Replit kutengeneza programu. Alikwisha kuuagiza mtambo usibadilishe chochote. Mtambo ukafuta kumbukumbu halisi zilizokuwa kazini, kisha ukamwambia haziwezi kurudishwa, jambo ambalo halikuwa kweli kwa sababu zilirudishwa. Mkuu wa Replit aliomba radhi na kutangaza hatua mojawapo ya kurekebisha: kutenganisha kumbukumbu za majaribio na zile za kazi. Msomaji ataona kwamba tumerudi palepale kwa mhadhiri wangu. Mwanagenzi afanyie mazoezi kwenye daftari la mazoezi, si kwenye leja.

Iko hatari ya nne ambayo ni mpya zaidi na wengi hawajaielewa. Programu hizi zinapokea maagizo kwa lugha ya kawaida, na hazitofautishi vizuri agizo la bosi na maneno yaliyoandikwa ndani ya barua ya mgeni. Mwezi Juni 2025 ilitangazwa kasoro katika Copilot ya Microsoft, ambayo watafiti waliipa jina la EchoLeak. Mtu wa nje angeweza kutuma barua pepe yenye maagizo yaliyofichwa, na msaidizi, wakati anamfanyia mwenyewe kazi nyingine, angeyasoma na kuvujisha habari za ofisi bila mwenye ofisi kubonyeza kitu. Microsoft ilirekebisha kasoro hiyo na kusema hakuna mteja aliyeathirika. Hata hivyo aina ya hatari yenyewe haijaisha. Ni sawa na kuwa na tarishi ambaye ukimpa bahasha ya mgeni aifikishe kwako, anaifungua njiani na kutii kilichoandikwa ndani.

Daftari la madeni barabarani

Msomaji mwenye duka moja au mawili anaweza kusema hayo ni ya wakubwa. Namsimulia niliyoyaona kwa macho yangu.

Miezi michache iliyopita nilimtembelea mzee mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam. Alikuwa na furaha. Wadaiwa wake waliokuwa wakimzungusha kwa muda mrefu walikuwa wameanza kulipa, kwa sababu binti anayemfanyia kazi ya ukarani alikuwa amewaandikia barua za kistaarabu lakini kali. Nikauliza barua zimeandikwaje. Binti akanionyesha simu yake. Alikuwa amechukua orodha yote ya wadaiwa, majina, namba za simu na kiasi anachodaiwa kila mmoja, akaibandika kwenye programu ya bure ya akili bandia na kuiomba imwandikie.

"Mzee," nilimwambia, "daftari hili la madeni ungempa mpita njia akakuandikie barua?"

Alinyamaza kidogo. "Mdogo wangu," akasema, "daftari hilo hata shemeji yangu hajapata kuliona."

Binti hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia lipi linaruhusiwa na lipi haliruhusiwi. Na si huyo pekee. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba wahandisi wa Samsung waliweka siri za kazi yao, zikiwamo programu za ndani, kwenye ChatGPT, na mwezi Mei mwaka huo kampuni ikapiga marufuku programu za aina hiyo kwenye vifaa vyake vya kazi.

Taarifa ya IBM ya mwaka 2025 kuhusu gharama za uvujaji wa habari, ambayo iliangalia mashirika 600, inaonyesha ukubwa wa tatizo. Kati ya mashirika yaliyosema yamepata tukio la usalama lililohusu akili bandia, asilimia 97 hayakuwa na utaratibu wa kufaa wa kudhibiti nani anaruhusiwa kuifikia. Asilimia 63 ya mashirika yaliyochunguzwa hayakuwa na sera ya kuisimamia, au ndiyo kwanza yalikuwa yanaiandaa. Na pale ambapo wafanyakazi walikuwa wakitumia sana programu hizo bila idhini, wastani wa gharama ya uvujaji uliongezeka kwa dola za Marekani 670,000.

Huku kwetu jambo hili lina sura ya kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina Tume ya kuisimamia. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inamtaka anayehifadhi habari za watu aripoti uvujaji kwa Kamishna ndani ya saa 72 tangu augundue, endapo unaweza kuwadhuru wenye habari hizo. Jina la mdaiwa, namba yake na deni lake ni taarifa binafsi. Mzee wangu wa vifaa vya ujenzi alidhani anakusanya madeni, kumbe alikuwa anajitengenezea deni jipya.

Marufuku si dawa

Wapo watakaosoma haya na kusema dawa ni kupiga marufuku. Sikubaliani nao. Mfanyakazi aliyekwisha kuonja kurahisishiwa kazi atatumia simu yake mwenyewe chini ya meza, na hapo hutaona wala kujua. Marufuku inamfanya bosi alale usingizi, haifanyi mali yake iwe salama.

Wapo wengine, na hawa ndio wengi kwenye bodi za wakurugenzi, wanaosema tukisubiri washindani watatupita. Kwao nina jibu kutoka historia yetu wenyewe. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikaenea hadi vijijini. Je, ilienea kwa kuondoa vizuizi? Hasha. Kila mteja alipewa namba ya siri. Kulikuwa na kikomo cha kiasi cha kutuma. Kila muamala ulileta ujumbe wa kuthibitisha. Wakala aliandika kwenye daftari na mteja akasaini. Bibi kijijini aliikubali huduma ile kwa sababu aliona fedha zake hazipotei ovyo. Udhibiti ndio uliouza bidhaa.

Kwa hiyo mwenye kusema usalama unachelewesha biashara anakosea hesabu. Kinachochelewesha biashara ni wateja kukukimbia baada ya kusikia habari zao zinauzwa mitaani.

Mwanahisa aulize nini

Sasa nawageukia wawekezaji wadogo wadogo, wale wanaonunua hisa mia mbili mia tatu na kusubiri gawio. Ninyi ndio mnaolipa, na ninyi ndio mnaoulizwa mwisho.

Mkumbuke kisa cha Knight Capital ya Marekani. Agosti 1, 2012, programu yake ya kununua na kuuza hisa iliwekwa kazini ikiwa na kasoro. Haikuwa akili bandia ya leo, lakini ilikuwa mashine iliyopewa ruhusa ya kufanya biashara kwa kasi kuliko binadamu anavyoweza kufuatilia. Kwa muda wa kama dakika 45 kampuni ilipoteza dola za Marekani milioni 440 hivi. Katika siku mbili hisa zake zilipoteza kama robo tatu ya thamani. Ikaokolewa na wawekezaji wengine, na mwaka uliofuata ikamezwa na kampuni nyingine. Mwenye hisa aliyelala tajiri aliamka na makaratasi.

Mkumbuke pia kwamba neno akili bandia lenyewe limekuwa chambo. Mwezi Machi 2024 Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani iliyatoza makampuni mawili ya ushauri wa uwekezaji, Delphia na Global Predictions, jumla ya dola 400,000 kwa kutoa madai ya uongo kuhusu matumizi yao ya akili bandia. Kampuni inaweza kukudhuru kwa kuitumia vibaya, na inaweza kukudhuru kwa kudai inaitumia wakati haiitumii.

Kwa hiyo kwenye mkutano mkuu wa mwaka, mkishamaliza chai na kabla ya kupiga kura ya kuwarudisha wakurugenzi, ombeni kipaza sauti. Maswali yangu ni matano.

Kwanza, ni mitambo mingapi ya akili bandia inayotumika katika kampuni, na nani aliidhinisha kila mmoja? Asiyeweza kuihesabu hawezi kuilinda.

Pili, kila mtambo una funguo za wapi? Msaidizi wa kujibu wateja hana sababu ya kuona mishahara ya wafanyakazi.

Tatu, ukikosea analipa nani? Hapa msikubali majibu ya mzunguko. Mwezi Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kwamba shirika la ndege la Air Canada liwajibike kwa maelezo yasiyo sahihi ambayo msaidizi wake wa kompyuta alimpa abiria kuhusu nauli. Shirika lilijaribu kujitetea kana kwamba msaidizi huyo anajitegemea. Baraza likakataa. Fedha zenyewe hazikufika dola 1,000 za Kanada, lakini funzo lake ni kubwa: neno la mashine yako ni neno lako.

Nne, nani ana mamlaka ya kuuzima mtambo, na itachukua dakika ngapi? Wenye Knight Capital wangelitoa mali nyingi kupata jibu la swali hili mapema.

Tano, ni nani nje ya idara ya kompyuta aliyeukagua? Aliyenunua mtambo hawezi kuwa ndiye anayethibitisha kwamba alinunua kitu kizuri.

Mwenyekiti akijibu maswali hayo kwa ufasaha, nunua hisa nyingine. Akicheka na kusema hayo ni mambo ya wataalamu, zungumza na dalali wako.

Kwa mwenye duka, Jumatatu asubuhi

Kwa mfanyabiashara asiye na bodi wala mkutano mkuu, mambo ni mepesi zaidi, na mengi hayahitaji senti.

Weka kiwango cha fedha ambacho juu yake hakuna malipo bila watu wawili kukubali. Agizo lolote la fedha linalokuja kwa simu, ujumbe au video, hata kama ni sauti ya mkeo, kata, kisha umpigie wewe kwa namba uliyokuwa nayo siku zote. Kubalianeni na watu wako wa karibu neno moja la siri la kutambuana, na msiliandike popote. Waandikie wafanyakazi wako karatasi moja, ukurasa mmoja tu, ya mambo yasiyoruhusiwa kuwekwa kwenye programu za bure: majina ya wateja, madeni, bei unazonunulia, vitambulisho. Binti wa yule mzee angeweza kuandikiwa barua nzuri vilevile kwa kuacha nafasi wazi ya jina na kiasi, kisha akazijaza kwa mkono wake. Na msaidizi yeyote wa kompyuta unayemnunua, mwanzishe kama unavyomwanzisha kijana wa dukani. Aanze kufagia, kisha apange mali, kisha auze ukiwa umesimama pembeni. Funguo za kasiki zije baadaye sana, kama zitakuja.

Makampuni yataendelea kutangaza faida za akili bandia, na faida nyingine zitakuwa za kweli. Ninachoomba ni kwamba katika taarifa ya mwaka, pale panapoandikwa kilichoingia kwa sababu ya mtambo, paandikwe pia mtambo umepewa funguo zipi na nani anazihesabu kila jioni. Mzee wa vifaa vya ujenzi amekwisha kuanza. Nilipopita kwake juzi nilikuta karatasi imebandikwa ukutani juu ya meza ya binti, kwa mwandiko wa mzee mwenyewe: "Daftari la madeni halitoki nje."

Wiki ijayo tunarudi kwenye mchele. Kila la heri sokoni.